Kujenga upya pakeji ya Debian kutoka kwenye soso, na uangalie sana namba ya vesheni

Kuna wakati pakeji (programu iliyofungashwa tayari) iliyopo kwenye ripo, yaani ghala la programu, ya Debian haijawashiwa kitu unachokitaka, au ina bagi ambayo pachi yake ipo tayari ila kwako bado haijafika. Wengi hapo wanakimbilia kushusha soso (kodi asili ya programu) na kupiga make install, hiyo usifanye, apt (kiweka na kitoa pakeji cha Debian) haitajua kabisa kama kitu hicho kipo, mafaili yanasambaa ndani ya /usr/local na siku ya kukitoa ndo utahangaika. Jijengee .deb yako tu, yaani faili la pakeji, wala si kazi kubwa.

Tuchukue htop ya Debian 12, programu ya kuangalia kinachoendelea kwenye mashine, nyepesi, haili bando. Anza na /etc/apt/sources.list, kila mstari wa deb uwe na mwenzake wa deb-src, na kama mashine yako inatumia faili la debian.sources basi penye Types: deb ongezea deb-src pembeni. Halafu:

sudo apt update
sudo apt install build-essential devscripts
sudo apt build-dep htop
apt source htop
cd htop-3.2.2

Hiyo build-dep inaleta vinavyohitajika kuijenga, na apt source inashusha soso yenyewe. Apt source haina sudo, ni makusudi, soso ikae kwenye folda lako na wewe ndo uwe mwenyewe, root (mkuu wa mfumo) hahusiki hapo.

Sasa fanya marekebisho yako. Vya kuwasha na kuzima wakati wa kukompaili mara nyingi viko kwenye debian/rules.

Ukimaliza usikimbilie kujenga, hapa ndo naomba tuelewane vizuri. Lazima ubadilishe vesheni, la sivyo pakeji yako na ya Debian zinakuwa na namba moja na hutajua ipi ni ipi. Watu wanapenda kuweka +local1, sasa angalia, apdeti za usalama za Debian 12 huwa zinakuja na +deb12u1, na dpkg, inayofanya kazi chini ya apt, inalinganisha herufi kwa alfabeti, l iko baada ya d, kwa hiyo 3.2.2-2+local1 inaonekana mpya kuliko 3.2.2-2+deb12u1 na apdeti ya usalama inapita pembeni kimya kimya bila wewe kuambiwa chochote. Kwenye htop unaweza usione shida, ila fikiria ni nginx au openssh kwenye seva iliyo wazi kwa dunia nzima! Tumia kitu kinachotangulia d, na dch ndo inakuandikia vesheni mpya:

dch --local +asha "Nimewasha ninachohitaji"

Kwa herufi ndogo, +asha sawa, +ali sawa, +juma hapana. Kama unabisha jaribu dpkg --compare-versions mwenyewe.

Kisha jenga:

dpkg-buildpackage -us -uc -b

Hizo -us -uc ni kuiambia isidai saini, -b ni kwamba unataka .deb peke yake. Kama RAM ni ndogo ongeza -j2, maana yenyewe inatumia kori zote na kwenye pakeji nzito mashine itaganda. .deb inatokea folda la juu:

sudo apt install ../htop_3.2.2-2+asha1_amd64.deb

Hakikisha na apt policy htop. Apt-mark hold, ile ya kufunga pakeji isibadilike, mimi siishauri, inazuia hata apdeti za usalama. Acha apdeti ikija iingie ifute ya kwako, halafu urudie kujenga juu ya soso mpya, na ukitaka kurudi ya Debian andika sudo apt install htop=3.2.2-2 ukubali kushusha vesheni.