Somo: Kufufua zege lililochakaa la njia ya gari bila kulivunja

Mvua zikiisha, malalamiko huwa yaleyale: zege la kuingilia gari limechubuka, kokoto zimechungulia, vumbi halikatiki, na fundi aliyeitwa kuangalia kasema livunjwe lote limwagwe upya. Mara nyingi hakuna haja hiyo. Kuvunja kuna gharama ya vibarua, ya kubeba kifusi, na ya kokoto na simenti mpya. Jamvi, yaani zege lenyewe la chini, likiwa bado limekaa imara juu ya udongo wake, lipigwe tabaka jipya la milimita 20 na maisha yaendelee.

Kwanza pima. Chukua nyundo, pita zege lote ukigonga taratibu. Palipo pazima patalia sauti kavu na kali. Palipoachia patalia kama ngoma. Pazungushie chaki. Kisha tazama nyufa. Ufa ambao pande zake zote ziko usawa mmoja haunitishi. Ila upande mmoja ukiwa umezama, au kipande kinacheza gurudumu likipita, ujue udongo wa chini umeondoka, na mara nyingi umekombwa na maji yanayomwagika kutoka kwenye bati. Hapo fundi wako kasema kweli: kipande hicho kivunjwe, udongo ushindiliwe, zege limwagwe upya. Vilevile kwa nyumba za karibu na bahari, zege likibanduka kwa mabamba na ndani nondo zimevimba kwa kutu, kupiga tabaka juu ni kuficha maradhi.

Imepita mtihani huo? Twende kazi.

Hatua ya 1: kuchokoa na kuosha

Kazi hii inakufa au kupona hapa. Tabaka jipya halibanduki kwa sababu simenti ilikuwa kidogo. Linabanduka kwa sababu lilishika vumbi badala ya kushika zege. Na vumbi halina mizizi.

Sehemu zote za chaki zitolewe kwa nyundo na tindo mpaka ufike kwenye zege gumu. Kingo za shimo zikatwe wima kwa grainda, kina kisipungue milimita 10, maana ukingo uliokwanguliwa ukaisha bure utamomonyoka siku gari la kwanza likiukanyaga. Palipobaki pazima napo pachokolewe pote. Niru ya zamani, ule uso laini wa simenti unaoteleza, lazima iondoke, na uso uwe mkwaruzo mpaka uone chembe za mchanga na kokoto. Vaeni barakoa, kwani vumbi la zege likiingia kifuani halitoki. Kumwagia maji kidogo wakati wa kuchokoa kunasaidia, ila ukiwa na grainda ya umeme usichezee maji.

Madoa ya oili ya gari yasuguliwe kwa sabuni ya unga na brashi ya waya, kisha yasuuzwe mpaka povu liishe kabisa. Doa lililozama sana chimba ulitoe. Kuna mafundi wanaomwaga asidi pote na kuona wamemaliza. Mimi siipendi: isiposuuzwa vizuri inaacha uso dhaifu, na oili haiitoi. Ukiweza kukodi mashine ya kuoshea magari, hiyo ni bora kuliko mapipa kumi ya maji ya kumwaga kwa ndoo.

Ukimaliza, dondosha maji hapa na pale. Yakinywewa na zege likawa jeusi, uko sawa. Yakisimama kama matone, bado kuna oili au rangi. Rudi usugue.

Hatua ya 2: vifaa na vipimo

Mchanga uwe wa mto, mnene, ule wa kumwagia zege. Mchanga laini wa plasta unakunywa maji mengi na mwisho unapasuka. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi. Kupima tope, tia mchanga nusu chupa ya kioo, jaza maji, tikisa, acha utulie hadi kesho. Tabaka la tope juu likikaribia sehemu moja ya kumi ya mchanga wote, mwambie mwenye lori arudi nao.

Uwiano ni simenti 1 kwa mchanga 3. Mfuko wa kilo 50 ni kama ndoo moja na robo tatu za lita 20, kwa hiyo mchanga wake ni ndoo tano na kidogo. Mfuko mmoja kwa uwiano huo unafunika takriban mita 5 za mraba kwa unene wa milimita 20. Njia ya gari ya mita 3 kwa 10 itataka mifuko sita, ongeza mmoja wa uji wa kushikishia (utauona hatua ya 3) na mmoja wa akiba.

Maji ni lita 22 hadi 25 kwa mfuko, na yapungue kama mchanga umelowa. Finya mchanganyiko kiganjani: ushike umbo bila kuchuruza. Saidia fundi atataka kuongeza maji ili kazi iwe nyepesi. Mkatalie.

Nunua pia gundi ya zege ya aina ya SBR, ile nyeupe kama maziwa inayouzwa kwa dumu.

Hatua ya 3: kumwaga

Jioni ya kabla ya kazi, lowesha zege vizuri. Asubuhi fagia maji yote yaliyotuama: zege liwe limeshiba maji ndani lakini uso wake haung'ai. Likiwa kavu litanyonya maji ya tabaka jipya, na likiwa na madimbwi gundi haitashika.

Koroga uji wa simenti kwa SBR na maji kama dumu linavyoelekeza (wengi huandika SBR na maji nusu kwa nusu), uwe mzito kama rangi. Usugulie kwa brashi ngumu mpaka uingie kwenye vinyweleo vya zege. Paka eneo dogo tu utakaloweza kufunika mara moja. Uji ukikauka kabla hujaufunika, unageuka ngozi ya kutenganisha, na yote uliyochokoa yamekuwa bure. Ndiyo maana kazi inataka watu watatu: mmoja anapaka, mmoja anamwaga, mmoja anavuta rula juu ya mbao za unene wa milimita 20.

Sugua kwa ubao, subiri mng'aro wa maji upotee, kisha pitisha fagio la chelewa mara moja tu, kukata mteremko. Mistari hiyo ndiyo breki ya gari mvua ikinyesha. Usinyunyize simenti kavu juu ili kukausha maji haraka. Hapo ndipo vumbi la mwakani linapoanzia.

Popote zege la chini lina kiungo, tabaka jipya nalo likatwe palepale, kina chote. Usipokata wewe, litajikatia lenyewe, na litachagua njia mbovu.

Kazi ianze alfajiri. Miezi ya kusi upepo unakausha uso haraka kuliko jua, kwa hiyo ziba upande wa upepo kwa turubai.

Hatua ya 4: kumwagilia

Likishakuwa gumu, funika kwa magunia mabichi na nailoni juu, siku 7 bila kukauka. Kumwagilia asubuhi na jioni huku mchana kutwa linaungua na jua si kumwagilia.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Dukani wameniambia gundi nyeupe ya mbao inafanya kazi ileile na ni bei rahisi. Ni kweli?*

Marahaba. Hapana, si kwa kazi ya nje. Gundi ya mbao ikilowa inalainika tena, na njia ya gari inalowa kila masika. Kama bei ya SBR imeushinda mfuko wako, tumia uji mtupu wa simenti na maji, ila uchokoe kwa bidii zaidi.

*Geti langu linapita juu ya zege kwa nafasi ya kidole tu. Naweza kupiga milimita 5?*

Kwa simenti na mchanga wa kawaida, hapana, zitabanduka. Kuna mchanganyiko wa kiwandani uliotengenezwa kwa unene mdogo, ila bei yake ni nyingine. La busara ni kuchimba zege eneo la geti tu kwa milimita 15 hadi 20, au kumwita mchomeleaji ainyanyue geti.

*Salaam aleikum, niko Mombasa. Fundi ataka tumwage inchi mbili na kuweka BRC ndani. Wasemaje?*

Waaleikum salaam. Inchi mbili zilizoshikana na zege la chini zinafaa, ukitumia zege la kokoto ndogo badala ya mchanga mtupu. Hiyo BRC, wavu wa nondo nyembamba, iache. Kwa unene huo itabaki karibu na uso, na kwa hewa ya chumvi ya Mombasa kutu itaifikia mapema na kupasua zege. Na akisema atatandika nailoni kati ya zege la zamani na jipya, hapo ni slabu inayojitegemea, isipungue inchi nne.

*Gari lipite lini?*

Miguu baada ya siku moja. Gari dogo siku 10, ukivumilia 14 ni bora. Lori la mchanga au la maji lisubiri siku 28.

*Nilifanya yote lakini sasa maji yanaelekea mlangoni badala ya barabarani. Nifanyeje?*

Huenda tabaka jipya limekula mteremko uliokuwepo. Kabla ya kubomoa, mwaga ndoo ya maji uone yanapita wapi hasa. Mara nyingi mfereji mmoja uliokatwa mbele ya mlango, upana wa kiganja, wenye wavu wa chuma juu na mteremko kwenda pembeni, unamaliza kesi.