Kiota, Vumbi na Fito kwa Kuku wa Mayai

Kuku wa mayai wa kisasa, ingawa amechaguliwa kizazi baada ya kizazi ili atage karibu kila siku, bado ana silika ya kuku-mwitu wa misitu ya Asia: hutafuta faragha anapotaga, huchakura kutwa, huoga vumbi na hupanda juu giza linapoingia. Mfugaji wa Tabora anayepuuza mambo hayo huingia hasara, na mara nyingi hasara yenyewe huanzia kwenye kiota.

Mtetea anayekaribia kutaga huhangaika akichungulia kila pembe ya banda. Asipopata kiota hutaga kwenye matandiko mbele ya wenzake, na kwa kuwa njia ya yai hujitokeza kwa muda mfupi ikiwa nyekundu, wenzake huidonoa. Damu ikishatoka, kundi humvamia hadi kumuua. Wafugaji wengi hukimbilia kukata midomo, na upungufu wa chumvi au protini nao kweli huchangia, lakini mimi ningeanza kwa kukagua viota. Kiota cha sentimita 30 kwa 30, chenye kiza na nyasi kavu, kinatosha kuku 5, nacho kiwe tayari matembe (kuku jike ambao hawajaanza kutaga) wakiwa na wiki 16, kabla hawajazoea sakafu. Mayai mengi hutagwa asubuhi, hivyo usafi wa banda usubiri mchana.

Kudonoana manyoya kuna chanzo kingine, kwani kuku asiye na cha kuchakura humgeukia mwenzake. Pumba za mpunga kutoka mashine za Igunga na Nzega hufaa sana kwa matandiko, mradi zigeuzwe mara kwa mara na zilizolowa ziondolewe, hasa masika. Wamwagie mtama kidogo jioni, kisha wawekee boksi la mchanga mkavu uliochanganywa na majivu: kuku hulala ubavu, hujirushia vumbi chini ya mbawa, halafu husimama na kujikung'uta, na chawa hupungua.

Fito za kulalia zisiwe na ncha kali, na kila kuku apate sentimita 15.

Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vizimba vitupu, yaani visivyo na kiota, matandiko wala fito, mwaka 2012. Kwa banda la sakafuni, kuku 5 au 6 kwa mita ya mraba wanatosha. Joto la Septemba na Oktoba likizidi, wakaanza kuachama midomo na kutanua mbawa, ongeza vyombo vya maji kivulini na usiwashikeshike hadi jua lipungue.