Ukila Zeughauskeller mjini Zürich, uliza kwanza kuhusu divai

Anayepita Zürich na kutaka kuonja mapishi ya jadi ya Uswisi afike mgahawa wa Zeughauskeller, karibu na uwanja wa Paradeplatz, katika jengo lililojengwa mwaka 1487 liwe ghala la silaha za mji, na ambalo hadi leo limepambwa kwa silaha za kale. Agiza Zürcher Geschnetzeltes, yaani vipande vyembamba vya nyama ya ndama katika mchuzi mzito wa krimu, ukipenda na uyoga, vinavyoliwa na rösti, ambavyo ni viazi vilivyokunwa na kukaangwa hadi vikauke juu; soseji, kwa maoni yangu, zinaweza kusubiri. Asiyetumia pombe wala nguruwe aulize kabla ya kuagiza, kwa kuwa mchuzi huo kwa desturi hupikwa kwa divai nyeupe, na soseji nyingi za huko, hata zinazoitwa za ndama, huchanganywa na nguruwe. Bei si ndogo, lakini malipo ya huduma yamo tayari ndani yake, hivyo bakshishi ni hiari, na wengi huongeza kidogo tu ili hesabu ifike faranga kamili.