Namna ya Kurudi Kufundisha Katika Kambi ya Sanaa Uliyosoma Utotoni

Kambi nyingi za sanaa za majira ya joto nchini Marekani huajiri walimu ambao waliwahi kuwa wanafunzi wao. Mfano nitakaoutumia hapa ni Interlochen, kambi iliyoanzishwa na Joseph Maddy mwaka 1928 katika misitu ya kaskazini mwa Michigan, kati ya maziwa mawili, ili vijana wa shule za sekondari wapate mahali pa kupiga muziki wa okestra. Siku hizi inafundisha pia tamthilia, dansi, sanaa za uchoraji, uandishi na filamu. Aliyepitia kambi ya namna hiyo akiwa na miaka 13 au 14 huondoka na mapenzi yasiyopoa. Mapenzi hayo ni sababu njema ya kuomba kazi, ila hayamfanyi mtu kuwa mwalimu, na ndiyo maana maandalizi yanahitaji kuanza miezi kadhaa kabla ya msimu.

Barua ya maombi isijae kumbukumbu. Anayeisoma anataka kufahamu umewafundisha watoto wa umri gani, unafanya nini darasa linapokuwa na wanafunzi wa viwango tofauti, na unaweza kumaliza kazi gani katika siku chache. Aya moja juu ya miaka yako ya uanafunzi inatosha. Nafasi iliyobaki ieleze somo moja ulilolifundisha, tangu mwanzo hadi mwisho. Ikiwa unaomba ukiwa nje ya Marekani, suala la viza lisisubiri. Viza ya J-1, inayotolewa kwa wageni wa programu za kubadilishana, ina kundi la walezi wa kambi, yaani wanaowaangalia watoto, ambao hutakiwa kuwa wametimiza miaka 18 na kupitia shirika lililoidhinishwa kuwadhamini, nao hukaa nchini kwa muda usiozidi miezi 4. Kwa kuwa mwalimu na mlezi si lazima wawe na kazi moja, omba kambi ikueleze kwa maandishi utaingia kwa utaratibu gani kabla hujakata tiketi.

Ukishakubaliwa, jambo la kwanza ni kuomba ratiba ya mwaka huu na kuisoma kana kwamba hujawahi kufika mahali hapo. Hili ndilo linalowaponyoka wengi. Kwa miaka mingi msimu wa Interlochen ulikuwa wa wiki 8, na mwalimu aliweza kuanza na misingi, kurudia, kisha kupanda taratibu. Siku hizi wanafunzi wengi huja kwa wiki 3, na wapo wanaokuja kwa wiki 1 tu. Mpango wa masomo uliounakili kutoka kwa mwalimu wako wa zamani, hata uwe mzuri kiasi gani, hautaenea katika muda huo. Chagua mambo mawili ambayo mtoto ataondoka akiyaweza, uyafundishe kwa ukamilifu, na mengine uyaache.

Mila za kambi zinahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu wewe unazijua na mtoto mgeni hazijui. Pale Interlochen, tamasha kubwa la muziki humalizika kwa kipande cha simfonia ya pili ya mtunzi Mmarekani Howard Hanson ya mwaka 1930. Kiongozi wa okestra huondoka jukwaani, mwanafunzi anayeongoza wapiga fidla husimama mahali pake na kuwaongoza wenzake, na muziki ukiisha hakuna anayepiga makofi. Mwanafunzi wa zamani hububujikwa na machozi hapo. Mtoto aliyefika juzi hujiuliza kama wamekosea kitu. Waeleze wanafunzi wako kabla ya tamasha la kwanza, kwa sentensi chache, kitakachotokea na sababu ya ukimya huo, kisha uwaache wauonje wenyewe.

Si kila kilichokuwa desturi kinastahili kurudishwa. Kwa miongo mingi nafasi katika okestra zilishindaniwa hadharani: wanafunzi wawili waliokaa jirani walipiga sehemu ileile ya muziki huku wenzao wakiwa wamefumba macho, kisha wenzao wakapiga kura nani akae mbele. Wapo waliokomazwa na utaratibu huo, na wapo uliowavunja moyo kabisa. Mwalimu aliyekuwa miongoni mwa washindi ana wajibu mkubwa zaidi wa kujichunga hapa, maana ni rahisi kuamini kwamba kilichokufaa wewe kitamfaa kila mtoto.

Walimu waliokufundisha, ikiwa bado wapo, sasa ni wafanyakazi wenzako. Endelea kuwaamkia kwa heshima uliyoizoea, lakini katika mkutano toa maoni yako na ukubali kuulizwa. Kwa wanafunzi, nenda nao kwa mpaka ulio wazi: usikae na mtoto mmoja chumbani mlango ukiwa umefungwa, usibadilishane naye namba za simu, na anapolia usiku wa kwanza kwa kuwakumbuka wazazi wake, msikilize kisha umjulishe mlezi wa kibanda chake, ambaye ndiye atakayekuwa naye hadi asubuhi. Simulizi za enzi zenu ziwe haba.

Kwa walimu wa fidla na ala nyingine za mbao zenye nyuzi, ongezeni dakika kumi katika somo la kwanza. Hewa ya ziwani ina unyevu, vibanda vya mazoezi viko msituni, na ala iliyotoka katika nyumba yenye kiyoyozi hubadilika sauti ndani ya siku moja. Mwonyeshe mtoto namna ya kugeuza kigingi kinachokaza uzi polepole huku akikisukuma kuelekea ndani, ili kisiteleze, na umwachie afanye mwenyewe kwa kila uzi.

Tathmini ya kila mwanafunzi iandikwe kidogo kidogo tangu wiki ya kwanza. Pale Interlochen msimu hufungwa kwa Les Préludes, kipande cha okestra cha mtunzi Franz Liszt, na mazoezi ya onyesho hilo yakishaanza, nafasi ya kukaa chini na kumfikiria mtoto mmoja mmoja huwa adimu mno.