Somo: Kutumia kruzi katika gari-nyumba, kutoka Uyole hadi Ipogolo

Wanachama wapya wa kikundi chetu cha magari-nyumba wameniandikia wakiuliza jambo lilelile: wamepata gari-nyumba, kwenye usukani wamekuta vitufe vya kruzi ambavyo hawajawahi kuvigusa, na wangependa kujua kama vina kazi yoyote katika barabara zetu za huku juu. Kazi ipo, ila ni ya vipande vipande. Kati ya Uyole (Mbeya) na Ipogolo (Iringa) kuna zaidi ya kilomita 300 za barabara kuu ya TANZAM, na kwa makadirio yangu mwenyewe kruzi hunisaidia kwa maana katika theluthi moja tu ya safari, kwa kuwa sehemu iliyobaki imejaa milima, matuta, vijiji, mizani na malori yanayopanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Ndiyo maana somo hili litasema zaidi juu ya kuizima kuliko kuiwasha.

Kruzi kontroli, ambayo wengi wetu tunaiita kruzi tu, hushika mwendo ulioupanga bila mguu wako kukanyaga mafuta. Aliyeibuni ni Ralph Teetor, mhandisi wa Marekani aliyepoteza uwezo wa kuona tangu utotoni; alipata hataza yake mwaka 1950, na kampuni ya Chrysler ikaanza kuiuza katika magari yake ya mwaka 1958. Inasimuliwa kwamba alichoshwa na wakili wake, ambaye kila akizungumza aliachia mafuta na kila akisikiliza aliyakanyaga, mpaka abiria wake akawa anayumbishwa mbele na nyuma. Sisi tuliopanda Hiace za Mwanjelwa tunamwelewa vizuri.

Ndani yake, kompyuta husoma kasi ya gari muda wote na kuilinganisha na ile uliyoipanga. Kasi ikipungua huongeza mafuta, ikizidi huyapunguza. Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie kidogo. Kruzi ya kawaida inajua kugusa mafuta tu na haina breki, kwa hiyo mteremkoni inaweza kuyafunga mafuta kabisa na gari likaendelea kuongeza kasi vilevile, kwa sababu kinacholisukuma wakati huo ni uzito wake na si injini. Katika gari dogo tofauti hiyo huweza kupita bila kuonekana. Katika gari-nyumba la tani nne, lenye vitanda, jiko, mtungi wa gesi na tanki la maji, utaiona mapema sana.

Hatua ya kwanza hufanyika gari likiwa limesimama. Angalia kwamba mkeka wa chini hauwezi kuteleza na kubana pedali. Kisha mwombe mtu asimame nyuma akutazamie taa za breki ukikanyaga, kwa kuwa katika magari mengi swichi iliyo nyuma ya pedali ndiyo inayowasha taa hizo na ndiyo hiyohiyo inayoiambia kruzi ijiondoe. Taa zisipowaka, siku hiyo usiiguse kruzi mpaka fundi wa umeme aikague swichi. Funga droo na makabati. Mwisho, jifunze vitufe kwa vidole, yaani uweze kukigusa kile cha kuzima bila kuinamisha macho.

Hatua ya pili ni kuchagua kipande. Mimi huanza kuitumia baada ya kuyapita matuta ya Igawa nikielekea Chimala, ambako barabara inapita pembeni mwa tambarare ya Usangu, safu ya milima ikiwa kushoto kwangu. Ninataka lami iwe kavu, nione mbali, na kusiwe na kundi la ng'ombe linalosubiri kuvuka, jambo ambalo Usangu halitabiriki hata kidogo.

Hatua ya tatu ni kuiweka. Fikisha mwendo kwa mguu wako mwenyewe, gia ikiwa ya juu na injini ikiwa haihangaiki, ubonyeze kitufe kilichoandikwa SET, kisha uinue mguu taratibu. Usikimbilie mwendo mkubwa. Sheria yetu inaweka kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na magari ya biashara na ya abiria yanayozidi kilo 3,500 hayaruhusiwi kuvuka 80 hata nje ya makazi. Hata kama gari lako ni la matembezi ya familia, ningekushauri uichukue 80 kuwa dari yako kwa sababu uzito ni uleule. Mimi huweka 75. Mguu wa kulia uliopumzishwa usiukunje chini ya kiti. Uweke sakafuni mbele ya pedali ya breki, tayari.

Hatua ya nne ni nafasi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 kila sekunde moja. Chagua nguzo ambayo gari la mbele limeipita, uhesabu polepole. Ukiifikia kabla ya sekunde nne, uko karibu mno, kwani dereva aliyetumia kruzi huchelewa kidogo kuliko yule ambaye mguu wake ulikuwa tayari unaachia mafuta.

Hatua ya tano ni milima ya kupanda. Kruzi haioni kilima. Inakitambua pale tu kasi inapoanza kushuka, na hapo inakanyaga mafuta kwa nguvu, gia inashuka kwa mshtuko, injini inanguruma na kipimo cha joto kinaanza kupanda. Wewe umekiona kilima hicho mita 500 kabla. Kwa hiyo izime ukiwa bado tambarare, ushushe gia mapema, na ukubali kupanda kwa 50 au 40 kama gari linavyotaka.

Hatua ya sita, kuteremka, ndiyo iliyonifanya niandike somo hili. Chukua gari la kilo 4,000 linaloteremka kimo cha mita 100 tu. Nishati inayotakiwa kumezwa ili lisiongeze kasi inatosha kuchemsha karibu lita 12 za maji ya baridi, yaani zaidi ya nusu ndoo. Injini ikiwa katika gia ndogo, pamoja na upepo, humeza sehemu kubwa ya joto hilo. Injini isiposaidia, karibu lote huishia kwenye breki. Sasa fikiria miteremko ya Inyala, au Iwambi kwa wanaokwenda Mbalizi, au Kitonga kwa wanaopita Iringa kuelekea Ruaha Mbuyuni, na uhesabu ndoo hizo mwenyewe. Wote tumewahi kuinusa ile harufu ya breki zilizoungua nyuma ya lori la mizigo.

Utaratibu ni huu. Kabla gari halijaanza kuinama, zima kruzi kwa kitufe kikuu, si kwa kugusa breki peke yake. Punguza mwendo ukiwa bado juu, ingiza gia ndogo, ile ambayo ungeitumia kuupanda mlima huo au ndogo zaidi, na uache injini ilishike gari. Kasi ikizidi ile uliyoikusudia, kanyaga breki kwa uthabiti mpaka ishuke kilomita kama kumi hivi chini yake, kisha uachie kabisa breki zipoe, badala ya kuzigusagusa njia nzima. Wenye breki ya ekzosi, ile inayoubana moshi wa injini ili injini ilizuie gari, waiwashe mapema. Na wale wanaoteremka kwa nyutro ili kuokoa dizeli, sina lugha ya upole kwao: injini za kisasa hukata mafuta zenyewe mkishuka na gia bila kukanyaga, kwa hiyo hata hicho wanachodhani wanaokoa hakipo.

Hatua ya saba ni kitufe cha RES, kile cha kurudisha mwendo wa awali. Kiliwahi kunitia aibu karibu na Halali. Nilikuwa nimepunguza mwendo hadi 40 kwa ajili ya mtu aliyekuwa akivusha baiskeli yenye magunia ya mkaa, kisha nikakibonyeza bila kufikiri, nikiwa nimesahau kwamba kumbukumbu ilikuwa bado na 80. Gari lilichomoka. Mbele kulikuwa na bajaji iliyokuwa ikiingia barabarani bila haraka yoyote. Nilikanyaga breki na bajaji ikabaki salama, lakini droo ya vijiko, ambayo nilikuwa sijaibana, ilifunguka hadi mwisho. Halafu maji ya tanki, lililokuwa nusu, yakaja mbele na kulisukuma gari mara ya pili baada ya mimi kudhani limetulia. Lita 100 ni kilo 100 zinazotembea zenyewe. Tangu siku hiyo, baada ya kijiji chochote, ninafikisha mwendo kwa mguu ndipo ninabonyeza SET upya.

Kuhusu hali ya hewa sitakawia. Lami ikilowa, izime, kwa sababu tairi likipoteza mshiko kwenye maji kruzi inaweza kuongeza mafuta wakati ambao wewe ungeyaachia. Katika ukungu wa Mafinga na msitu wa Sao Hill, hasa asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, usiifikirie kabisa. Na upepo wa Makambako unapolipiga gari hili ubavuni, ni afadhali mwendo uwe chini ya mguu wako, maana dawa ya kwanza ya kuyumba ni kuachia mafuta taratibu.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Mafinga: Shikamoo mwalimu. Nimeambiwa kruzi inapunguza matumizi ya dizeli. Je, ni kweli kwa njia yetu?

Marahaba. Tambarare inaweza kusaidia kidogo, kwa kuwa miguu yetu huongeza na kupunguza mafuta bila sababu. Milimani huwa kinyume, maana kruzi inapigania kasi ileile hadi kileleni wakati dereva mzoefu angeiacha ipungue na kuirudisha ng'ambo. Kama lengo ni dizeli, kushuka kutoka 90 hadi 75 kutakupa faida kubwa kuliko kitufe chochote.

Mwanachama wa Tukuyu: Gari langu ni la gia za mkono. Nikikanyaga klachi kruzi inaondoka. Ni ubovu?

Hapana, ndivyo ilivyokusudiwa katika magari mengi, kwa sababu isingejiondoa, injini ingepaa ghafla pale klachi inapoachana nayo. Badilisha gia, rudisha mwendo, uweke tena. Ubovu ungekuwa klachi kukanyagwa na kruzi isiondoke.

Mwanachama wa Njombe: Kaka, basi langu la zamani nimelijengea vitanda na jiko, na fundi mmoja anasema anaweza kulifungia kruzi. Nikubali?

Muulize kwanza ataunganisha vipi swichi ya breki na ya klachi. Asipokuwa na jibu la moja kwa moja, mshukuru uondoke. Pia mweleze kama ulibadilisha balbu za taa za breki ukaweka za LED. Baadhi ya kruzi za kufungiwa baadaye hutegemea mkondo mdogo unaopita katika waya wa balbu ya kawaida, na taa za LED zikiwekwa hukataa kabisa kufanya kazi. Watu wamebadilisha kompyuta nzima wakati kosa lilikuwa balbu.

Mwanachama wa Iringa: La kwangu lina rada, linapunguza mwendo lenyewe likikaribia gari jingine. Je, hapo bado nahitaji tahadhari zote hizi?

Unahitaji karibu zote. Rada inaweza kulipoteza gari la mbele kwenye kona kali, ikadhani njia imekuwa wazi na kuongeza mwendo. Kifuniko chake kikijaa tope huzimika. Bodaboda isiyo na taa na ng'ombe anayevuka kwa pembeni si vitu vya kuikabidhi. Hata pale inapotumia breki mteremkoni, joto linakwenda kwenye breki zilezile, kwa hiyo gia ndogo ni ya lazima.

Mwanachama wa Mbalizi: Mume wangu anasema kwenye tambarare ya Usangu anaweza kuinuka na kuchukua chai kwenye chupa iliyo nyuma, kwa kuwa gari linajiendesha. Naomba umjibu wewe, mimi nimechoka.

Dada, mwambie shemeji kwamba usukani haumo katika kruzi. Kuna hadithi ya mzaha iliyozunguka dunia nzima juu ya dereva aliyeiweka kisha akaenda kujipikia; ni ya kubuni, na imependwa kwa sababu kila msikilizaji anaujua mwisho wake kabla haujasimuliwa. Chupa ya chai ikae mbele, na asimame Chimala kuinywa.

Mwanachama wa Makambako: Ikigoma kuzimika, nifanye nini?

Kanyaga breki kwa nguvu na usiachie, kwani breki nzima zinaweza kuishinda injini. Kisha ingiza nyutro. Injini itanguruma, iache ingurume. Hii ndiyo nyutro pekee ninayoiruhusu. Washa taa za dharura, toka barabarani, simama, ndipo uzime injini. Usiuzungushe ufunguo hadi mwisho gari likiwa bado linatembea, kwa sababu usukani unaweza kujifunga. Likishasimama, angalia mkeka kwanza kabla ya kumpigia fundi.