SOMO: Kukadiria dozi ya faji na saa ya kuitoa, kwa lahajedwali (kama Excel) tu

Wakuu, leo hesabu. Faji ni virusi zinazoshambulia bakteria na kumwacha binadamu. Amoksilini ukishaimeza inapungua tu. Faji ikikuta bakteria wa kutosha, inazaliana. Kwa hiyo usianze na "dozi ngapi". Anza na bakteria ni wangapi.

Hatua ya 1. Pata namba nne kutoka maabara, za faji yako kwa bakteria wa mgonjwa huyo. Hizi ni za mfano:
r: bakteria huongezeka maradufu kila dakika 60, yaani 0.693 ÷ 60 = 0.0116 kwa dakika.
k: kasi ya faji kumnasa bakteria, 0.000000001 (mililita kwa dakika).
b: bakteria mmoja akipasuka hutoka faji 100.
m: mwili huondoa nusu ya faji kila dakika 60, basi nayo 0.0116.

Hatua ya 2. r ÷ k = faji milioni 11.6 kwa mililita. Zikizidi hapo, bakteria wanapungua hata faji zisipozaliana. Kipimo ni cha kwenye kidonda, si cha kwenye chupa!

Hatua ya 3. m ÷ (k × 99) = bakteria kama 117,000 kwa mililita (99 ni b ukipunguza faji moja iliyoingia). Wakiwa pungufu, faji zinakwisha zenyewe.

Hatua ya 4. Safu nne: muda, bakteria wazima, walioambukizwa, faji. Mstari mmoja, dakika moja. Kila mstari, wazima wanaongezeka r × wazima, na k × wazima × faji wanahamia kwa walioambukizwa. Hao wakipasuka (muda wao nao uliza maabara), kila mmoja anaongeza faji b; na faji zinapungua kwa m × faji na kwa zile zilizonasa bakteria. Mimi mara ya kwanza niliweka dakika 10, nikapata idadi ya bakteria chini ya sifuri.

Hatua ya 5. Sasa chezea saa. Bakteria wakiwa 10,000, toa faji milioni 1: baada ya saa nne imebaki chini ya robo. Toa dozi ileile saa nne baadaye, inakuta bakteria 160,000 na kuanza kuzaa. Simaanishi mgonjwa aachwe azidiwe. Ukitoa mapema, panda juu ya namba ya hatua ya 2, au rudia dozi.

MASWALI

*Mkuu, nikichanganya na antibayotiki?*
Inasaidia na inaharibu. Inashusha r, kwa hiyo milioni 11.6 nayo inashuka. Ila ikiwapunguza bakteria chini ya 117,000, faji zinakosa pa kuzaliana.

*Kuna mahali dozi ilikwama kweli?*
Jaribio la PhagoBurn, Ufaransa na Ubelgiji, 2015 hadi 2017, vidonda vya moto vyenye bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa. Ilipangwa faji milioni 1 kwa mililita. Mchanganyiko ukapoteza nguvu baada ya kutengenezwa, wagonjwa wakapata 10 hadi 100. Krimu ya kawaida ikapunguza bakteria haraka zaidi.

*Na bakteria sugu?*
Ongeza safu ya tano, k yao iwe sifuri. Anza na mmoja tu, uone asubuhi.

*Naweza kumpimia mgonjwa wangu kwa hii?*
Hapana, ndugu yangu. Peleka jedwali kwa daktari na mtu wa maabara, mbishane nalo.