SOMO: Intavyu yako ya kwanza ya chuo cha udaktari nje, jiandae hivi ukiwa hapahapa Dar

Habari zenu wadau. Wadogo zangu waliomaliza PCB wananiuliza hili jambo kila mwaka, nimeona niliandike lote sehemu moja. Hapa nyumbani ukiomba udaktari, iwe MUHAS pale Upanga, Kairuki au Bugando, kinachokubeba hasa ni ufaulu wako wa fizikia, kemia na baiolojia, unaomba, unasubiri majina yatoke, basi. Uingereza sio hivyo. Pamoja na matokeo yako mazuri yote bado watataka kukaa na wewe wakusikilize unavyofikiri. Sasa mtu aliyepigishwa pasti pepa toka darasa la nne anaingia kwenye intavyu kama anaingia chumba cha NECTA, na hapo ndo anapopotea.

Nasema hivi kwa sababu mimi nilipotea hapohapo. Chuo cha kwanza kilichoniita nilikua nimekariri majibu kurasa kama kumi hivi, nikaulizwa kwa nini udaktari nikatiririka mpaka mwisho, mama aliyekua ananihoji akanisubiri nimalize, akaniuliza kwa upole kabisa: hayo yote uliyosema muuguzi si anayafanya pia, kwa nini usiwe muuguzi? Nikakaa kimya. Kwenye zile kurasa kumi hilo halikuwepo. Sikuchaguliwa, na iliniuma sana. Chuo kingine kiliniita wiki tatu baadaye, nikaziweka karatasi pembeni, nikaenda na vitu nilivyoviona kwa macho yangu. Hicho ndo kilinichukua.

HATUA YA 1: Jua unaitwa kwenye intavyu ya aina gani

Kwanza kalenda, maombi ya udaktari Uingereza yanapitia UCAS, ule mfumo wao wa mtandaoni wa kuombea vyuo, na mwisho ni tarehe 15 Oktoba, unaruhusiwa kuchagua vyuo vinne tu vya udaktari. Intavyu nyingi zinafanyika Desemba mpaka Machi. Kuna ya jopo, watu wawili watatu wanakuhoji kwa pamoja, Oxford na Cambridge wanafuata mtindo wa karibu na huo na wanachimba sana sayansi, wanakupa grafu hujawahi kuiona wanataka uifikirie kwa sauti. Halafu kuna MMI (Multiple Mini Interview, yaani intavyu ndogondogo nyingi), hii ilianzia chuo cha McMaster kule Kanada, unapita vituo vifupi vifupi, kila kimoja dakika tano mpaka nane hivi, kila kituo na mtu wake na swali lake. Uzuri wa MMI ni kwamba ukiharibu kituo cha pili yule wa kituo cha tatu hajui, unaanza upya. Kwahiyo ukitoka umeboronga, vuta pumzi, yaache palepale. Barua ya mwaliko itakuambia ni ipi, isome yote, hata yale maandishi madogo ya chini.

HATUA YA 2: Chimba ulichokiona mwenyewe

Hapa ndo penyewe, naomba msipite haraka. Wengi wanadhani lazima uwe umesimama chumba cha upasuaji Muhimbili ndo uwe na cha kusema. Hapana jamani. Mimi nilijitolea zahanati moja huku uswahilini, kazi yangu ilikua kutafuta mafaili na kupanga watu foleni. Siku moja kaja mzee ana kisukari, sukari ipo juu sana, na anaapa insulini anachoma kila siku. Kijana mmoja pale akaanza kumsema, mzee unatudanganya. Nesi akavuta stuli, akakaa mpaka macho yao yakalingana, akauliza, "Baba, dawa unaiweka wapi nyumbani?" Mzee akasema, dirishani, maana friji hana. Dirishani, Dar, mwezi wa pili! Dawa ilikua imeharibika na joto. Nesi akamwelekeza aiweke kwenye chombo kikavu kilichofungwa vizuri, halafu chombo akiweke kwenye mtungi wa udongo pahala penye kivuli, mtungi unapoza.

Hicho kisa nilikisimulia kwenye intavyu ya pili, halafu nikasema nilichojifunza, kwamba tulikua tunamuona mzee mkaidi kumbe shida ni friji, na daktari asiyeuliza anaweza kumwongezea mtu dozi ya dawa iliyokufa. Yule aliyekua ananihoji akaacha kuandika, akaanza kuniuliza kuhusu mzee. Tukaongea.

Kwahiyo chukua daftari, andika visa vitano. Bibi uliyemuuguza, rafiki yako mwenye sikoseli, duka la dawa la mtaani ulilokua unasaidia jioni. Kila kimoja ujiulize nini kilitokea, mimi nilifanya nini, kilinibadilisha nini. Hilo la mimi nilifanya nini linatushinda sana, tumelelewa kusema "tulifanya" kwa adabu, lakini pale wanakuhoji wewe, sema nilifanya. Na jina la mgonjwa usilitaje, wala mtaa wake, siri ya mgonjwa inaanza kutunzwa hata kabla hujapata koti jeupe.

HATUA YA 3: Maswali ya maadili

Misingi minne utaisikia kila mahali: kuheshimu uamuzi wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru, na haki kwa wote. Ijue, ila usiitaje kama kasuku. Mfano unaopendwa ni Shahidi wa Yehova mtu mzima anakataa kuongezewa damu na bila damu anaweza kufa. Huku kwetu tungeita ndugu, kikao kikae, mjomba aamue. Kule mtu mzima mwenye akili timamu aliyeelewa alichoelezwa ana haki ya kukataa, hata kama atakufa. Unachotakiwa kuonyesha ni njia: nitahakikisha ameelewa, nitaongea naye faragha nijue hajashinikizwa, nitauliza kama kuna matibabu mengine anayoyakubali, nitamwita daktari mkubwa. Ukirukia jibu la mwisho moja kwa moja unapoteza.

Kuna vituo vingine wanaweka mwigizaji, mfano unaambiwa umemgonga paka wa jirani, mwambie. Sisi hapa tuna bahati kubwa, tumezaliwa na neno pole. Kiingereza kinachanganya pole na samahani kwenye neno moja, kwahiyo usilitegemee peke yake, mwambie unaona alivyoumia. Halafu nyamaza. Muache alie. Ule ukimya wa sekunde chache unaogopesha ila vumilia.

HATUA YA 4: Fanya mazoezi kwa mdomo

Sio kichwani. Mdomo. Tafuta watu watatu wasiofanana, mwalimu wako, mtu wa hospitali kama unaye, na mtu asiyejua chochote kuhusu udaktari, mimi nilimtumia shangazi yangu anayeuza vitenge Kariakoo na alinisaidia kuliko wote maana kila nikianza maneno makubwa alikua anasema sijakuelewa. Jirekodi kwa simu pia. Utachukia sauti yako, sikiliza hivyohivyo.

HATUA YA 5: Siku yenyewe

Ikiwa ni ya mtandaoni, ishu kubwa ni saa. Uingereza kipindi cha baridi wako nyuma yetu masaa matatu. Barua inasema 10:00, wewe unamwambia mama intavyu "saa kumi", nyumba nzima inajipanga kwa saa kumi jioni, kumbe ni saa saba mchana! Andika kwa saa ya Kiswahili ubandike ukutani. Na jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu wanasogeza saa zao mbele, tofauti inakua masaa mawili.

Bando weka kwenye simu mbili za mitandao tofauti, laptopu iwe imejaa chaji maana umeme wetu mnaujua. Januari joto kali lakini feni ya mezani isielekee kwenye maiki, wao wanasikia upepo tu. Nguo: shati safi, imetosha.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo dada. Mimi nimesoma kayumba mpaka fomu foo, Kiingereza changu kinakwamakwama, si watanicheka?

Marahaba mdogo wangu. Hawakucheki. Lafudhi haina shida kabisa, ila lazima ueleweke, kwahiyo punguza spidi na tumia sentensi fupi. Usipoelewa swali omba warudie, hiyo inaruhusiwa. Toka leo kila siku dakika ishirini ongea Kiingereza kwa sauti, hata peke yako.

Swali: Nikiulizwa kitu cha sayansi sikijui kabisa nifanyaje, nibahatishe?

Usidanganye. Sema hili sijalisoma, ila ninachokijua ni hiki na hiki, nadhani inaweza ikawa hivi kwa sababu hii. Na fuatilia habari za afya za huku kwetu, mimi niliongelea chanjo za malaria maana majaribio yake kwa watoto yalifanyika mpaka Bagamoyo, kwenye kituo cha Taasisi ya Afya ya Ifakara. Mwombaji wa Manchester hajapishana na wale watoto njiani.

Swali: Navaa hijabu, itanipunguzia maksi?

Hapana. Vaa kama kawaida yako, usafi tu.

Swali: Hujambo mwanangu. Mimi ni mzazi, nipo Tabata, naweza kukaa chumbani na binti yangu akiwa anahojiwa? Nisiongee, nikae tu.

Sijambo, shikamoo mama. Usikae mama yangu, wanataka awe peke yake, na wakihisi kuna mtu pembeni inamharibia. Kaa mlangoni, zuia watoto na wanaogonga hodi, na siku hiyo asitumwe popote.

Swali: Dada barua yangu inasema 14:30, tarehe 6 Februari. Hiyo ni saa kumi na moja na nusu jioni, nimepatia?

Umepatia. Bandika ukutani, na umwambie mama yako hivyohivyo ulivyoandika hapa.